Permi Iliyotundikwa

Sauda mwanangu,

Salamu utazipata kesho asubuhi kutoka mdomoni mwangu, mlangoni, pikipiki ikiwa imeshawashwa, kwa hiyo hapa sianzi nazo. Wala sitasema habari za sabuni, blanketi, samaki wakavu na dawa ya malaria. Hayo mama yako anayasema tangu juzi na bado hajamaliza. Hata sasa nikiwa dukani naisikia sauti yake nyuma ya ukuta. Nimesimamisha cherehani, nimegeuza karatasi ya vipimo, na ninaandika upande wake mweupe. Mwandiko usiucheke. Nina hasira, na mkono wa mtu mwenye hasira haunyooki.

Hasira yenyewe imeanzia kwenye simu. Shangazi yako Zaituni amenipigia baada ya swala ya adhuhuri kuuliza kama safari yako ya Kabambare iko palepale. Nikamwambia iko palepale, Sauda anakuja kukusaidia dukani kwako kama tulivyokubaliana. Akacheka kile kicheko chake. Akasema duka si kazi, duka hata mtoto ataliweza, shida yake yeye ni gari. Dereva wake analewa. Kila akitumwa Salamabila anakaa huko mpaka achoke mwenyewe, na mizigo inalala. Nikamkumbusha kwamba wewe tribinali imekukataza usukani, huna leseni mpaka muda wako uishe. Akanijibu hivi, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyatoa:

"Kaka, hapa kwetu hakuna mutu anauliza permi. Ataendesha tu hapa na pale."

Hapa na pale! Sauda, maneno hayo mimi nayajua sana, kwa sababu niliyatamka mimi mwenyewe, mlangoni pa duka hili, siku ya sufuria. Nimekata simu bila kuaga. Mwambie dada yangu nimeomba radhi kwa kukata simu, lakini kwa hasira siombi radhi.

Najua utasema, "Baba ameanza." Ndiyo, nimeanza. Tena barua hii ukifika umsomee shangazi yako, kwa hiyo nitaeleza tangu mwanzo kana kwamba wewe hukuwepo. Na kweli sehemu nyingine hukuwepo. Wewe hadithi hii unaijua kutoka upande wa kasho, mahabusu ya polisi. Mimi nilikuwa nje, na ya nje hujayasikia yote.

Ulikuwa unashuka kilima cha sokoni na pikapu yetu. Mbele yako pikipiki ilikuwa inajivuta, ukaona unacheleweshwa, ukaipita. Kumbe upande wa pili Musafiri anapanda, anasukuma baiskeli yake yenye mabidoni, yale madumu ya mafuta ya mawese, kama anavyofanya tangu wewe uko shule ya msingi. Ulikanyaga breki, lakini kilima kile tunakijua, breki inakanyagwa juu na gari linasimama chini. Mawese yakamwagika barabara nzima, Musafiri akavunjika mguu. Wewe ukashuka, ukakaa naye kwenye vumbi, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, mpaka watu walipokuja kumbeba. Hilo nalo naliandika, shangazi yako alisikie.

Kule tribinali jaji alisoma hukumu kwa Kifaransa, mbio mbio, kama mtu anayesikia harufu ya chakula chake. Faini nikaielewa. Matibabu ya Musafiri nikayaelewa. Halafu likaja lile neno, permi "sispandu". Hilo sikulielewa, na nikaona haya kuuliza mbele ya watu. Nje nikamkamata karani, yule grefie mwenye miwani. Alikuwa amebeba mafaili, anakimbilia kesi nyingine. Akaniambia, "Wameitundika, baba," akainua mkono kama mtu anayetundika koti kwenye msumari, akaenda zake.

Sasa mfikirie baba yako. Mimi ni fundi wa nguo. Katika maisha yangu yote, kitu kikitundikwa kimekwisha. Nguo ikiwa mezani ina kazi bado, ikiwa kwenye cherehani ina kazi bado, lakini ikitundikwa ukutani imekwisha, ina mwenyewe, inangoja tu aje aichukue. Nikarudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Nikamtangazia mama yako kwamba kesi imekwisha, permi ya Sauda wameitundika. Mama yako, ambaye Kifaransa chake hakipiti changu, akauliza: kama imekwisha, kwa nini hawakumpa mwenyewe? Nikamwambia aache maswali, mambo ya tribinali hayajui. Lile swali ndilo lilikuwa na akili siku ile nyumbani kwetu, na mimi nililifukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

Ukakaa majuma kadhaa bila kuendesha, kwa sababu wewe moyoni ulikuwa na wasiwasi. Kisha Maulidi yakafika. Kamati ya msikiti ikatafuta gari la kwenda kuchukua sufuria kubwa za pilau mtaa wa pili. Nani ana gari? Fundi ana gari. Nani anaendesha? Binti wa Fundi. Nikavimba kichwa. Wewe ulisimama hapo mlangoni na ufunguo mkononi, ukaniambia, "Baba, permi siko nayo." Hukupiga kelele, ulisema hilo tu. Nami nikafungua droo nikakupa fotokopi yake, nikakuagiza ukisimamishwa uionyeshe, useme ile yenyewe imetundikwa. Nikakuambia nenda, watu wanangoja, ni hapa na pale tu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe ulisikia la mkuu, ukaingia kasho. Nadhani wahenga hawakuwahi kukutana na mkuu kama mimi.

Polisi wa rulaji, wale wa barabarani, wakakusimamisha kwenye barieri, kizuizi chao, nyuma ya gari sufuria zimepangwa na watoto wa madrasa wamekalia kingo zake wanaimba kaswida. Fotokopi wakaiangalia mbele na nyuma. Mtu akanikimbilia dukani, nikatoka na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, kamati ya msikiti ikanifuata, na mimi njia nzima najiona wakili mkubwa. Yule ofisa alikuwa kijana mpole. Kalamu yake ilikuwa bado mfukoni. Aliniuliza kwa adabu kama binti yangu aliwahi kuelezwa uamuzi wa tribinali, kwa sababu, alisema, kuna watu wanakatazwa na hawaelezwi.

Sauda, huo ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Ningesema kweli kidogo tu, kwamba tulisikia neno la Kifaransa na hatukulielewa, labda mambo yangekwenda kwa njia nyingine. Lakini nani atakubali mbele ya wazee wa msikiti kwamba hakuelewa? Nikapaza sauti. "Anajua vizuri," nikasema, "na hata mimi najua. Permi yake imetundikwa."

Akaniangalia kama anayemhurumia mtu. Akasema, "Kumbe mulijua. Asante, baba." Ndipo akatoa kalamu.

Basi utetezi niliokuja nao ndio uliokufunga. Hapo nilikuwa bado sijajua, nilidhani nimeshinda. Wewe ulijua. Niliona jinsi ulivyofumba macho.

Gari likazuiwa, na sufuria ndani yake. Kamati ikaanza kubembeleza. Wazee wazima wenye kofia walizungumza kwa heshima ambayo sijawahi kuwasikia wakiitumia kwa wake zao. Wakaeleza kwamba wageni wamefika, mchele umeoshwa, nyama imekatwa. Mimi nikabembeleza pamoja nao, tena kwa sauti kuliko wote. Alasiri sufuria zikaachiliwa. Tukazibeba vichwani, tukishukuru, tukicheka hata. Tulipofika njia panda ndipo nikakumbuka kwamba nilikwenda pale kwa ajili ya mtu.

Nikarudi, wakaniambia ofisi imefungwa. Jioni ile nilikula pilau. Watu walinisukumia sinia nikaona aibu kukataa, nikala, na lilikuwa tamu, ndiyo aibu kubwa zaidi. Mama yako alikupelekea chakula kasho, akarudi, akanikuta nanawa mikono. Mpaka leo hajasema kitu juu ya jambo lile, na mama yako unamjua, mtu anayeweza kuzungumzia sabuni tangu juzi.

Sheria nimeifahamu baada ya hapo, kama kawaida yangu. Siku ya kesi yako ya pili nilimfuata tena yule karani, na safari hii sikumwacha aende. Akanikalisha kwenye benchi, akanieleza polepole kama anavyoelezwa mtoto. Lile neno kwa Kifaransa ni kutundika, na pia ni kusimamisha kwa muda; permi ikisimamishwa, hakuna cheti kinachowekwa kwenye msumari. Anayewekwa kando ni mtu mwenyewe. Akiendesha gari katika muda ule, hata kama hakumgusa mtu wala kuku, lile ni kosa jipya kabisa, lina faini yake na linaweza kumpeleka gerezani, juu ya lile la kwanza. Jaji anaweza kurefusha katazo, anaweza hata kumnyang'anya permi moja kwa moja, mtu aanze upya kama hajawahi kugusa usukani. Gari linaweza kuzuiwa. Asiransi, watu wa bima, ikisikia dereva alikuwa amekatazwa, inajitoa, na mguu wa mtu unalipwa na ukoo mzima. Na yule aliyetoa gari lake huku anajua, naye anaweza kuitwa mbele ya jaji. Hilo la mwisho alilisema akinitazama juu ya miwani. Ukifika hapo umsomee shangazi yako mara mbili, na ya pili kwa sauti.

Ndivyo ulivyotoka na katazo refu kuliko lile la kwanza, mpaka Maulidi yajayo yapite. Na jina pia ukapewa. Nimesikia watoto wa mtaani wanakuita Mama Sufuria. Wawili kati yao nimewashonea sare za shule; mwaka ujao wazazi wao wasije hapa.

Najua unaona umeonewa. Umeniambia tena jana, ukikunja nguo zako kwa kuzipiga makofi. Ulisema huyo kijana atakayekubeba kesho kwa pikipiki yake hana permi, hajawahi kuwa nayo, tangu shule hajui kulia na kushoto, na ni yeye atakayekuendesha wewe. Ni kweli. Inaniudhi mimi pia. Miaka ya vita mimi mwenyewe niliendesha lori la watu bila permi, maana hakukuwa hata na ofisi ya kuitoa, nikazoea kuona sheria ni kama mgeni, inakuja, inakula, inaondoka. Labda ndiyo sababu sikuliogopa lile neno la Kifaransa. Ninaloweza kukuambia ni hili: yule kijana wa pikipiki, jaji hamjui. Wewe anakujua, jina lako liko kwenye faili mara mbili, na hakuna tena ofisa atakayeuliza kama ulielezwa. Baba yako alikwisha kujibu.

Tena shangazi yako asidhani Kabambare iko upande wa pili wa dunia. Wachuuzi wa hapa wanakwenda Salamabila kila mara kutafuta wateja kwa wachimba dhahabu. Wa kwanza kukuona kwenye usukani atakuita kwa lile jina lako jipya, kwa sauti, mbele ya barieri, na atadhani anakusalimia.

Unaendesha vizuri, Sauda. Nilikufundisha mimi kwenye uwanja wa mpira, na baada ya mwezi ulikuwa umenipita. Mimi bado nabadilisha gia kama mtu anayevunja kuni. Kwa hiyo sina hofu kwamba utaliangusha gari la shangazi yako. Hofu yangu ni kwamba siku ya kwanza itapita salama. Utakwenda mpaka darajani na kurudi, hakuna atakayekuuliza, shangazi yako atakupikia kuku, na utasema moyoni, "Baba na hofu zake." Siku ya pili utafika mbali zaidi. Mimi nilikosea kwa kutoelewa neno. Wewe sasa unalielewa, na anayelielewa hana fotokopi ya kujifichia.

Akikupa ufunguo, usibishane naye. Shangazi yako habishaniki, mimi nimeshindwa naye tangu tuko watoto. Mwambie tu Baba amekataa. Lawama zote nitundikie mimi, nina misumari mingi. Kama lazima mizigo ifike Salamabila, panda kama abiria, ukae karibu na yule dereva, umnyang'anye chupa. Hiyo haina sheria.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeshaanza kukunja karatasi, ndipo Musafiri akaingia dukani. Nimelazimika kuifungua tena.

Hukuambiwa kwamba huwa anakuja. Anakuja, tunakaa. Leo ameleta suruali mbili, zile zake za siku zote. Akasema zinaburuta upande mmoja, zinakula vumbi, kama naweza kuzipunguza. Nikapiga magoti nikampima. Nikadhani utepe umejikunja, nikampima tena. Mguu umepona, Sauda, unatembea, daktari hakusema uongo. Lakini umepona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Kwa hiyo suruali nimezikata mguu mmoja, na mwingine nimeuacha kama ulivyo. Nimeshona nguo tangu kabla hujazaliwa, na sijawahi kumkatia mtu mzima suruali namna hiyo. Nililia kidogo nikiwa nimeinama, yeye akadhani natafuta sindano.

Wewe hukupaswa kuondoka bila kulijua hilo, na hata mimi sikujua mpaka leo. Sikuandikii ili likulemee. Nakuandikia kwa sababu ya maneno aliyoyasema baadaye.

Aliniuliza kama kweli Sauda anaondoka kesho. Nikasema ndiyo, nikajiandaa kusikia lawama, maana angekuwa na haki. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akanyoosha ule mguu, akasema:

"Fundi, ile kilima na baiskeli siwezi tena. Mafuta yangu iko inalala kule kijijini. Wakishamurudishia permi, Sauda aje anibebee. Mwingine simutaki. Wengine wanagonga mutu, wanakimbia. Yeye alibaki na mimi mu vumbi."

Nikamwuliza kama anajua katazo lako litakwisha lini. Akanitajia bila kufikiri. Mimi ilinibidi nimwulize mama yako, lakini Musafiri anayo siku hiyo kichwani. Anangoja, Sauda. Amewakataa wenye pikipiki waliotaka kumbebea yale mabidoni, na kila siku tribinali itakayoongeza juu ya jina lako itaongezwa pia juu ya mtu huyu. Akiniuliza kwa nini permi haijarudi? Siwezi kumwambia ulikuwa hapa na pale.

Sasa jua linazama, mwadhini anakohoa kwenye kipaza sauti kama kawaida yake kabla ya kuadhini, na mama yako ananiita nije nishikilie begi lako afunge zipu. Begi lina nguo chache na sabuni nyingi. Nitakupa barua hii kesho, wewe utaitia mfukoni, na tutaagana. Mungu akufikishe salama, na yule kijana ajue kulia na kushoto angalau kesho tu.

Suruali za Musafiri zimekwisha, nimezitundika ukutani, atazipitia asubuhi. Ufunguo wa pikapu nimeutundika kwenye msumari wa jirani yake. Tangu nifungue duka hili, ndicho kitu cha kwanza ninachokitundika kikiwa bado hakijakwisha. Uje uuchukue siku yake.

Mimi baba yako,
Fundi